Mengineyo Yatangulie

Mlango wa choo cha walimu wa kike ulitajwa katika vikao saba. Nina hakika ni saba kwa sababu Madamu, mkuu wa shule wakati huo, alivihesabu mbele yetu, akilowesha kidole na kufunua kurasa za daftari la kumbukumbu, nasi tumekaa kimya kama wanafunzi waliokamatwa wakiruka ua.

"Kikao cha Machi," akasoma. "Mengineyo: walimu wa kike wameomba mlango wa choo utengenezwe. Limepokewa." Akafunua. "Kikao cha Mei. Mengineyo: mlango wa choo. Limepokewa." Akafunua tena, na tena. Kisha akavua miwani. "Ndugu zangu walimu, naomba kuuliza. Jambo likishapokewa hapa, huwa linawekwa wapi?"

Mtu mmoja kule nyuma akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Katibu wa vikao nilikuwa mimi. Mwandiko ule ni wangu, na hilo neno "limepokewa" ni langu pia. Nililibuni kwa sababu mkuu aliyemtangulia Madamu hakuwa akijibu kitu. Alikuwa anaguna na kutazama saa yake, na mimi sikujua mguno huandikwaje. (Haya nayaeleza kwa Kiswahili, lakini vikao vyetu ni vya Kiingereza. Kiswahili hubaki kwenye chai na utani.)

Nafundisha shule ya sekondari ya serikali huku mashariki mwa Uganda, upande wa Tororo. Jina la shule naliacha. Asubuhi hewa ikiwa safi, ukisimama uwanjani kwetu unauona Mwamba wa Tororo umechomoza peke yake kama jino, na usiku ukitulia unasikia malori yakinguruma kuelekea Malaba, mpakani na Kenya. Ni sehemu ya watu mchanganyiko, Wajapadhola, Wateso, Wasamia, Wagwere, na watu wakishindwa kuelewana sokoni hukimbilia Kiswahili. Ni Kiswahili cha kuombea bei ipunguzwe, si cha kuandikia insha, lakini ni Kiswahili.

Kila aliyewahi kukaa kikao cha walimu anaijua ajenda ya mengineyo. Ni ile ya mwisho kabisa, namba tisa au kumi, inayofikiwa saa kumi na moja jioni wakati chai imepoa, mwalimu wa zamu ameshaitwa nje kuamua ugomvi, na wanaoishi mjini wanasikia bodaboda zao zikipiga honi langoni. Ajenda za juu ni za mkuu: karo, nidhamu, matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB, ujio wa wakaguzi. Zetu ziko chini, zimerundikwa pamoja kama viatu mlangoni mwa msikiti. Ukiinua mkono saa hiyo, wenzako wenyewe wanakutupia jicho la "kaa chini twende zetu".

Madamu hakutoa hotuba. Alifunga daftari, akanigeukia. "Katibu, kikao kijacho mengineyo yatangulie. Haya ya kwangu yatasubiri, mimi nalala hapa hapa shuleni."

Basi. Mlango ulipigiliwa wiki ile ile, bawaba mbili na komeo.

Ilikuwa 2022, na sina budi kueleza tulikuwa katika hali gani, la sivyo utadhani tulikuwa walimu wa kawaida wenye uvivu wa kawaida.

Februari 2020 tulipokea Sinia Wani, yaani kidato cha kwanza, ya kwanza ya mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioandaliwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala. Masomo yalikuwa yamepunguzwa kutoka 43 hadi 21. Mwanafunzi hakutakiwa tena kukariri na kutapika kwenye karatasi ya mtihani. Alitakiwa afanye mradi, atengeneze kitu kwa mikono yake na kukieleza mbele ya wenzake, na alama za kazi hizo zichangie asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho. Mafunzo ya walimu yalikuwa ya siku chache. Vitabu vilikuwa bado njiani. Nasi hatujajua hata pa kuanzia, tarehe 20 Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, mengine yakarudi kwa mafungu mwaka uliofuata, Juni 2021 tukafungwa tena, na milango haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wale watoto wa Februari waliondoka wakiwa wafupi, wakarudi wakitupita kimo.

Sisi tulio kwenye orodha ya mishahara ya serikali tuliendelea kulipwa. Wenzetu walioajiriwa na bodi ya shule kwa pesa za wazazi hawakupata kitu. Mwalimu wetu wa fizikia, kijana hodari sana, alichukua pikipiki kwa mkopo akawa anabeba abiria kati ya Tororo na Malaba. Shule ilipofunguliwa nilitumwa nikamwite stejini. Akaniuliza kama shule imetenga chochote kwa ile miezi yote. Nikasema sijui. "Basi panda, Mwalimu, nikurudishe. Sikutozi." Ndivyo nilivyorudi shuleni, nimebebwa na fizikia.

Halafu likaja la mishahara. Mwaka huo huo serikali ikapandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa tukabaki chini huko, mbali. Juni 2022 chama chetu, UNATU, kikaitisha mgomo. Tukagoma, tukarudi darasani mikono mitupu. Chumba cha walimu kikagawanyika meza mbili bila mtu yeyote kutoa amri. Meza ya dirishani ikawa ya kemia, bayolojia, fizikia na hesabu. Meza ya kabatini ikawa yetu, watu wa historia, dini, jiografia na lugha. Hata sukari ya chai tukawa tunanunua mara mbili, kila meza na kopo lake, na sisi letu tulilifunga kwa kamba.

Hapo ndipo Madamu alipoletwa kwa uhamisho.

Kugawana madaraka, kwenye semina huitwa uongozi shirikishi. Nimekula kuku wa semina hizo zaidi ya mara moja, na nikitoka huko huwa na kalamu mpya na kamati: kamati ya usafi, kamati ya michezo, kamati ya maua. Kazi zinagawanywa, maamuzi yanabaki kwa mkuu, na ua likinyauka anaulizwa mwenye kamati. Madamu hakuanza na kamati. Alichukua vitu vitatu ambavyo vikiharibika shule nzima inaumia, yaani ratiba, jiko na prepu (vipindi vya kujisomea usiku), akavitoa mkononi mwake.

Ratiba alinipa mimi, kwa sababu ambayo sikuipenda. "Nasikia wewe ndiye unayeilalamikia kuliko wote. Basi lazima unaijua."

Asiyewahi kutengeneza ratiba ya shule hajui usingizi unavyoruka. Nililaza karatasi za manila sakafuni sebuleni kwangu, nikaziunga kwa selotepu, nikachora miraba kwa rula ya ubaoni. Nikakata kadi ndogo ndogo, kila mwalimu na rangi yake. Mtaala mpya unataka masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na yaishe saa tisa kasoro dakika kumi, ili alasiri ibaki kwa vilabu, michezo na miradi. Vipindi ni vya dakika 40. Mwalimu wa jiografia Jumanne na Alhamisi anafundisha shule nyingine. Hilo tunalijua wote na hatulisemi. Mwalimu wa hesabu hataki kipindi baada ya posho, yaani ugali, na maharage, anasema darasa zima husinzia na yeye ndiye wa kwanza. Maabara ni moja. Ukihamisha kadi moja, tatu zinaanguka. Kwa siku tisa watoto wangu walikwenda chooni kwa kupitia jikoni, wasikanyage Sinia Tu ya mkondo wa B.

Nilipomaliza niliiandika yote kwa maka peni, nyeusi na nyekundu, nikaitundika ukutani juu ya meza yetu. Nilisimama mbele yake nikiona ni kazi ya sanaa. Jambo moja sikumwambia mtu: vipindi vya Kiswahili, karibu vyote, nilivipanga asubuhi, wanafunzi wakiwa hawajachoka.

Niseme kidogo habari ya somo langu. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili ni lugha ya mtu aliyekuja usiku na bunduki. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakakisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko popote. Nilipoanza kazi nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, tukisomea nyuma ya maktaba. Somo lilikuwa la hiari, na walimu wenzangu walinisalimu "Jambo, Afande!" wakicheka. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini yalibaki kwenye karatasi. Mtaala wa 2020 ndio uliokifanya cha lazima Sinia Wani na Sinia Tu, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike kama lugha rasmi. Ghafla nikawa mtu. Kila kikao nikawa nasimama kuwahimiza wenzangu wasiogope mabadiliko, dunia inakwenda, tusibaki nyuma. Nilikuwa nasema vizuri sana.

Wiki ya tatu ya ratiba yangu akaja mwalimu wa bayolojia, mdogo kuliko sote, ana miaka miwili tu kazini, mtu wa meza ya dirishani. Wanafunzi wake wa Sinia Wani walikuwa na mradi wa kutengeneza sabuni ya maji. Akanieleza taratibu: wakishachota maji, wakigawana ndoo, wakipima chumvi na rangi, kengele inalia. Kesho yake wanaanza upya kwa kuchota maji. Aliomba vipindi viwili vifuatane, mara moja kwa wiki.

"Mwalimu," nikamwambia, "ratiba imeshatoka."

Maneno hayo niliyasikia yakitoka. Yalikuwa ya mkuu wetu wa zamani, neno kwa neno. Ndivyo alivyonijibu miaka yote niliyomfuata ofisini. Ungetarajia nishtuke, nijirekebishe. Wapi! Nikaongeza: "Ukibadilisha kimoja utavuruga vyote."

Akainua macho akaitazama ile karatasi ukutani, akaitazama kwa muda. "Sawa, Mwalimu. Na Kiswahili chote kukaa asubuhi ni bahati tu?"

Ijumaa ilipofika, mengineyo yalikuwa namba moja, kama kawaida ya siku hizo, na yeye alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nilimtazama Madamu nikitegemea aniokoe au anihukumu, lolote kati ya hayo lingenipa nafuu. Akasema, "Anayejibu kuhusu ratiba ni mwalimu wa Kiswahili. Mimi leo ni msikilizaji kama nyinyi." Kisha akatoa kalamu akaanza kuandika kumbukumbu yeye mwenyewe, maana katibu alikuwa mshtakiwa.

Nilijitetea dakika kumi na tano nzima. Nilitaja mtaala, nilitaja maabara, nilitaja jiografia na shule yake ya pili, jambo ambalo sikupaswa kulitaja. Nilipokaa, mzee wetu wa somo la dini, ambaye huongea mara moja kwa muhula, akakohoa.

"Kijana, ratiba hii ni ya shule au ya kwako?"

"Ya shule, Mzee."

"Basi mbona unaitetea kama shamba la marehemu baba yako?"

Meza ya dirishani ikacheka. Meza yetu nayo ikacheka, wasaliti. Sikulitambua siku ile kwa hasira, lakini baadaye nilikumbuka kuwa tangu mgomo wa Juni hatukuwa tumecheka jambo moja kwa pamoja.

Nilinuna wiki nzima. Nikanywa chai yangu chini ya mwembe, peke yangu, kama mwali. Jumatano nikaenda ofisini kwa Madamu nikamwambia ratiba nairudisha. Hakuniomba nibaki. "Sawa, Mwalimu. Andika barua. Tutaisoma Ijumaa kwenye mengineyo." Nilitoka nikaitunga barua hiyo kichwani, aya tatu, nzuri, na kila nikifika mwisho nilimsikia yule mzee akikohoa. Sikuiandika.

Tulikubaliana kujaribu vile vipindi viwili vya bayolojia kwa wiki tatu. Sitasema mambo yalinyooka. Sabuni ilitengenezwa, ndiyo, tena ilitoa povu, na wanafunzi wakawauzia walimu kwa chupa za maji zilizotumika. Lakini ili bayolojia ipate vipindi viwili, hesabu ilipoteza kimoja cha asubuhi ikatupwa baada ya posho, na mwalimu wa hesabu alilalamika, naye alikuwa na haki. Tukakaa tena. Safari hii nilikitoa Kiswahili changu cha Jumatatu asubuhi. Hakuna aliyeniomba, na nisijisifu: nilikitoa kwa sababu nilijua yule binti wa bayolojia atakitaja nisipokitaja mimi. Kutoka siku hiyo ratiba yetu naiandika kwa penseli. Haivutii kama ya mwanzo, ina madoa ya kufutwa, na wakaguzi walipokuja mmoja aliniuliza kama ni rasimu. Nikamjibu ndiyo.

Nimelifikiria sana jambo hili, hasa nikiwa njiani. Nilikuwa nahubiri mabadiliko kwa kuwa yalikuja na kiti changu. Mtaala uliniinua, Baraza la Mawaziri likaniinua, nikadhani mimi ni mtu mwenye moyo mweupe kwa mambo mapya. Kumbe sikuwa nimejaribiwa. Na ule ulalamishi wangu wa miaka sita haukuwa kiu ya uongozi wa pamoja. Nilitaka tu ratiba ihame kutoka mkono wa mkuu ije mkononi mwangu, kisha ibaki hapo.

Jikoni hadithi ilikuwa tofauti, na ndiyo naipenda zaidi.

Tatizo lilikuwa uji. Uji wa saa nne ulifika saa tano kasoro, siku nyingine saa tano kamili, na kipindi cha nne kilikufa kila siku. Lilikuwa jambo la zamani. Nakumbuka nimeliandika "limepokewa" mara nyingi. Tulishaamua wapishi ni wavivu. Tulishawahi kupendekeza wafukuzwe. Madamu alimpa jiko yule mzee wa dini, sote tukashangaa, maana mzee mwenyewe hanywi uji. Kikao kilichofuata akaingia na mpishi mkuu. Mama huyo alisimama mlangoni na kanga yake ya kazini, mikono ina majivu mpaka kwenye kiwiko, akakataa kiti.

Mzee akasema, "Mama, waeleze kama ulivyonieleza."

"Uji hauchelewi," akasema. Kwa Kiswahili, tena cha kwetu cha Tororo, na kikao kizima kikahamia Kiswahili bila azimio. "Maji ndiyo yanachelewa. Bomba la kisima lina kufuli. Ufunguo anao askari. Askari wa usiku anatoka saa kumi na moja, wa mchana anaingia saa moja na nusu. Mimi moto nimewasha saa kumi na moja na nusu. Nakaa nautazama."

Kimya.

"Umesema hivi tangu lini, Mama?" Madamu akauliza.

"Kusema wapi? Huku mimi siingii."

Ufunguo wa pili ulichongwa mjini kwa shilingi 5,000. Kesho yake uji ulifika saa nne kasoro dakika tano, na wanafunzi hawakuwa wamejiandaa. Wengine walikuwa hawana hata vikombe mkononi. Shilingi elfu tano. Nilikaa nikajaribu kupiga hesabu ya vipindi vya nne vilivyopotea katika miaka niliyokuwa katibu, nikaacha. Tangu hapo mpishi mkuu na askari mmoja huja kila kikao cha kwanza cha muhula, na huondoka mengineyo yakiisha, kwa vile wana kazi za kufanya.

Sasa, kuna usiku mmoja ambao huwa hatuutaji kwa wageni.

Prepu walikuwa wamepewa walimu wanne wa rika la kati, waamue wenyewe nani anasimamia siku gani na sheria za mabweni ziweje. Vijana wa Sinia Thirii wakagoma kwa sababu ya umeme kukatwa mapema. Madamu alikuwa Kampala. Mabenchi yalianza kuruka madirishani saa tatu usiku. Wale wanne kila mmoja alidhani zamu ni ya mwenzake. Mmoja alinipigia mimi kuniuliza ratiba ya prepu iko wapi, mimi ambaye sikuwahi kuishika. Naibu mkuu alisema prepu si zake tena. Kwa karibu saa nzima shule yenye viongozi kila kona haikuwa na kiongozi. Aliyewatuliza ni mwalimu wa bayolojia, aliyetoka nyumbani kwake na tochi na kanga, akasimama katikati ya uwanja akaanza kuwaita wanafunzi kwa majina yao, mmoja mmoja, jina na kijiji, mpaka wakaona aibu. Hakuwa kwenye zamu wala kamati yoyote.

Baada ya hapo baadhi yetu tulitaka Madamu avirudishe vyote. "Nchi haina marais wanne," mtu wa historia akasema, na hakukosea. Alichofanya Madamu ni kuondoa wawili kati ya wale wanne na kutundika ubao mdogo nje ya chumba cha walimu. Kila jioni jina moja linaandikwa hapo kwa chaki, la mtu anayewajibika usiku huo. Si majina mawili. Nikiulizwa leo na mkuu yeyote anayetaka kugawa madaraka, nitamwambia anunue chaki kwanza.

Na kuna alichokataa kugawa katu. Kwa taratibu za serikali mkuu wa shule ndiye anayejibu kuhusu fedha. Ripoti ya ukaguzi ikitoka na doa, anayeitwa ni yeye. Tulipoomba walimu wawili waweke saini kwenye hundi pamoja naye na mhasibu, alitabasamu. "Hapana. Mahesabu nitawaonyesha kila mwezi, ukutani, mpaka ya kuni. Saini ni yangu. Siku ya kwenda ndani hamtanisindikiza." Wengine walisema hapo ndipo ushirikishi wake ulipoishia. Mimi naona alikuwa mkweli. Amewahi mtu kukugawia madaraka kisha lawama zikawa zako na kalamu ikabaki kwake? Mimi ndiyo. Heri anayesema wazi mpaka uko wapi.

Mshahara hakuugusa, kwa sababu haukuwa wake. Hakuna kikao duniani kinachoweza kumwambia mwalimu wa historia wa miaka kumi na minane kazini ajisikie vizuri karibu na kijana wa milioni 4. Meza zetu mbili hazikuungana kwa hotuba ya upendo. Kilichotokea ni kwamba ratiba ya penseli ilikuwa imetundikwa juu ya meza yetu, na wa dirishani wakawa wanakuja kuomba kubadilishana vipindi, wakiwa na vikombe mkononi, na mtu akishaegemea meza huku anabishana kuhusu Alhamisi hujikuta ameshaketi. Kopo la sukari limebaki moja. Kamba tuliifungua, kwa sababu ilikuwa inachelewesha ubishi.

Wale watoto wa Februari 2020 walifanya mtihani wao 2024, wa kwanza wa mtaala mpya nchi nzima, na matokeo yakatoka Februari 2025. Yetu yalikuwa ya wastani. Nimeona shule zikitaja uongozi wao kuwa ndio siri ya matokeo. Sisi hatuna siri, na matokeo hatuna makubwa. Kipindi cha nne kinafundishwa. Hicho naweza kukiapia.

Madamu alihamishwa muhula uliofuata. Uhamisho kwetu huja kama mvua ya Machi, unaanika nguo na unaiona inakuja. Alikabidhi funguo, daftari la mali na ule ufunguo wa pili wa kisima, ambao aliuandika kwenye orodha kabla ya gari la shule.

Mkuu wetu mpya ni mtu wa heshima zake, hana makuu, anasalimia hadi wanafunzi. Jumatatu aliniita akaniambia niandae kikao cha kwanza, akanipa karatasi ya ajenda aliyokwisha kuichapa. Nilisoma nikiwa nimesimama. Namba moja, hotuba ya mkuu wa shule. Namba mbili, karo. Nikashuka macho mpaka chini kabisa. Namba tisa.

Nilirudi chumba cha walimu, nikaiweka ile karatasi mezani bila kusema neno. Mwalimu wa bayolojia akaivuta, akaisoma, akanitazama. Mzee wa dini, ambaye atastaafu Desemba, akaomba miwani ya mtu, akaisoma naye. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Hebu hiyo penseli yako."

Kikao ni Ijumaa, saa nane mchana. Mpishi nimeshamwambia. Na mlango wa choo cha walimu wa kike, ule wa bawaba mbili na komeo, umeng'oka tena tangu juzi.